Choo cha umma: ugomvi uko kwenye kibao, usalama uko kwenye mlango

Anayesafiri safari ndefu hukagua tiketi, chaji ya simu na pesa ya akiba. Baadhi ya watu waliobadili jinsia wana jambo la nne la kukagua: waache kunywa maji saa ngapi ili wafike bila kuingia choo cha njiani. Nasema "waliobadili jinsia" kwa sababu ndilo jina lililozoeleka, ingawa wengi wao hawajafanyiwa upasuaji wowote. Ni watu waliozaliwa wakaandikishwa wanaume na sasa wanaishi kama wanawake, au kinyume chake.

Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2015 uliwahoji watu 27,715 wa kundi hilo. Asilimia 59 walisema kwamba ndani ya mwaka uliotangulia waliwahi kukwepa choo cha umma kwa kuogopa kufanyiwa fujo. Asilimia 32 walijipunguzia kula au kunywa ili wasihitaji choo. Asilimia 8 walipata maambukizi ya njia ya mkojo au tatizo jingine la figo kwa ajili ya kubana. Waliotolewa maneno makali chooni walikuwa asilimia 12, na walioshambuliwa mwilini asilimia 1.

Kwenye pengo la 59 na 1 ndipo watu hugawanyika. Mwenye shaka atasema: mmoja kati ya mia ndiye aliyepigwa, iweje zaidi ya nusu wakimbie? Tena washiriki walijitokeza wenyewe, hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huenda wenye machungu ndio waliojaa. Hoja ya pili naikubali. Ya kwanza inateleza, kwa sababu aliyeacha kwenda chooni hawezi kupigwa chooni. Asilimia 1 ni ndogo pia kwa kuwa wengi walishajiondoa. Isitoshe, hakuna anayeishi na hofu yake kwa hesabu ya asilimia. Mwanamke anayeharakisha hatua kwenye maegesho ya magari usiku hajafanya hesabu ya uwezekano. Amesikia mkasa mmoja, ukamtosha.

Nimemtaja mwanamke huyo kwa makusudi, maana upande wa pili wa mjadala ni wake. Kwa wanawake, choo cha peke yao hakikuletwa na adabu tu. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipotunga mwaka 1887 sheria ya kutaka viwanda viwe na vyoo tofauti, wanawake walikuwa wameingia kazini kwa wingi katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya wanaume. Unaweza kuiona sheria ile kama ulinzi au kama kumfungia mwanamke kwenye kona yake. Wanahistoria bado wanabishana. Ila mwanamke aliyewahi kudhalilishwa na mwanamume, akisema hataki kumwona mwenye mwili wa kiume anapofunga zipu yake, hafai kuitwa mbaguzi na mazungumzo yakaishia hapo.

Hoja yake ikisemwa vizuri haimtuhumu aliyebadili jinsia. Inamtuhumu mwanamume wa kawaida mwenye nia mbaya. Kama kanuni ni kwamba kila anayejitambua kuwa mwanamke aingie, nani atathubutu kumwambia huyo mwanamume "toka"? Hoja hii inaweza kupimwa, na imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Williams ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilinganisha miji ya Massachusetts iliyoruhusu watu kutumia choo kinacholingana na utambulisho wao na miji mingine inayofanana nayo ambayo haikuwa na kanuni hiyo. Hawakuona kwamba kanuni hiyo iliongeza matukio ya uhalifu chooni. Novemba mwaka huohuo wapigakura wa jimbo hilo waliibakiza sheria yao kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Kwangu mimi hilo linapunguza sana uzito wa hofu ya uhalifu. Haliigusi hofu ya faragha, kwa sababu mwanamke kukosa raha chooni si kosa la jinai, na hakuna polisi anayeliandika.

Tazama sasa kinachotokea mlango unapopewa mlinzi. Machi 2016 jimbo la Marekani la North Carolina liliamuru kwamba katika shule na ofisi za serikali kila mtu aingie choo cha jinsia iliyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Sheria haikutaja adhabu wala nani wa kukagua vyeti, na sijui nani hutembea na cheti cha kuzaliwa mfukoni. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ikahamisha mechi yake ya nyota wote ya mwaka 2017 kutoka Charlotte, mji wa jimbo hilo, hadi New Orleans, na Machi 2017 kipengele hicho kikafutwa. Kelele za fedha zilifunika kichekesho kilichokuwa ndani yake: mtu mwenye ndevu na sauti nzito, ambaye cheti chake kinasema ni wa kike, alilazimishwa na sheria kuingia choo cha wanawake. Yaani sheria ya kuwaondolea wanawake sura za kiume ilikuwa inawaletea.

Pasipo cheti, mkaguzi ni jicho. Na jicho haliwakamati waliobadili jinsia peke yao. Linamkamata mwanamke mrefu, mwenye nywele fupi na mabega mapana, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa kitu kingine. Anasimama kwenye sinki, mikono imejaa povu, na nyuma yake mtu anauliza kwa sauti, "Wewe, umekosea choo?" Afanyeje, athibitishe vipi?

Uingereza imejaribu kulikata suala kwa upanga wa sheria. Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, neno "mwanamke" lina maana ya jinsia ya kibaiolojia. Wanawake waliofungua shauri kutoka Scotland walipata uwazi waliouhangaikia kwa miaka. Lakini hukumu hiyohiyo inakubali kwamba aliyezaliwa wa kike, akawa na sura ya kiume, anaweza kuzuiwa pia kwenye huduma za wanawake. Mwenye ndevu wetu wa North Carolina akihamia London, anaweza kuambiwa choo hiki si chako, na kile nacho si chako.

Hapo wengi huruka kwenye suluhisho jepesi: choo kimoja cha wote. Tokyo ililijaribu. Jengo la Kabukicho Tower lilipofunguliwa Aprili 2023 lilikuwa na eneo moja la vyoo lisilotenga jinsia, tena katika mtaa wa starehe wenye walevi wengi usiku. Malalamiko yalimiminika, wanawake wakisema wanaogopa kuviziwa, walinzi wakawekwa, na Agosti mwaka huohuo eneo likagawanywa upya kwa wanaume na wanawake. Walioubeza mradi ule hawakukosea.

Mji huohuo, mwaka huohuo, ulitoa funzo la upande mwingine. Mtumishi mmoja wa Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda, aliyebadili jinsia na kufanya kazi kama mwanamke, aliruhusiwa choo cha wanawake kwa sharti kiwe angalau ghorofa mbili kutoka ofisini kwake. Miaka ikapita akipanda na kushuka, bila tatizo lolote kuripotiwa. Tarehe 11 Julai 2023 Mahakama ya Juu ya Japani ilisema kwamba kumwendelezea sharti hilo ni kinyume cha sheria. Jaji mmoja aliongeza tahadhari: shauri lilihusu ofisi ambayo watu wanajuana, si vyoo vya umma vinavyoingiwa na yeyote.

Tahadhari hiyo naiona kuwa ndiyo kiini. Wanaojuana huaminiana, wageni hawana cha kuaminiana ila mlango. Vyoo vingi vya Marekani vina vijumba vyenye ukuta mwepesi ulioachwa wazi chini na juu, na mwanya pembeni unaopitisha jicho. Hakuna kibao kinachoweza kumpa utulivu mtu aliyeketi nyuma ya mwanya huo, awe nani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kanuni za ujenzi za England zinataka majengo mapya yasiyo ya makazi yawe na vyoo tofauti vya wanaume na wanawake, na penye nafasi finyu viwekwe vyumba vya mtu mmoja: ukuta kutoka sakafuni hadi darini, komeo, sinki humohumo. Serikali iliyozipanga ilitaka kuzima vyoo vya pamoja. Bila kukusudia, imeeleza chumba ambacho anayekwepa maji kabla ya safari angekiingia bila kuangalia nyuma.

Tatizo lake ni nafasi. Chumba kimoja chenye sinki lake hula eneo kubwa kuliko kijumba cha kawaida, na foleni za wanawake tayari ndizo ndefu kila mahali. Mwenye jengo akijenga vyumba vichache ili aokoe pesa, watakaosimama nje wakibana ni walewale waliokuwa wakidai faragha.