Wakili hachoki, nani alisema?

Nina miaka sita huku Uingereza na kila nikiongea na wenzangu niliosoma nao sheria Kenya swali ni lilelile, eti nyinyi huko si mnafanya kazi kwa raha, saa kumi na moja mshafika nyumbani. Jamani. Nani aliwadanganya?

Uwakili huku unahesabiwa kwa dakika sita sita, ndivyo mteja anavyolipishwa. Pale kwenye kona ya kompyuta yangu kuna kasaa kanakimbia, nikifungua faili nakawasha, nikienda msalani nakazima, halafu jioni naambiwa leo umefanya kazi saa tano na ushee wakati mimi tangu asubuhi sijabandua makalio kitini. Zingine zimeenda wapi? Zimeliwa na imeili, na kusubiri watu, na kufikiria, na kufikiria hakuna mteja anakulipia. Kuna usiku nilishtuka usingizini nikaanza kugawanya masaa niliyolala kwa sita. Hapo ndio nikajua mambo yameharibika.

Ila kulikuwa na pa kupiga simu. Huku kuna LawCare, shirika la kuwasaidia watu wa sheria waliolemewa, iko tangu 1997, ni bure, ni siri, na anayekusikiliza ni mtu anayeijua kazi ya sheria kutoka ndani. Mama aliyepokea hakuniambia nijikaze. Aliniuliza tu una faili ngapi mezani saa hii, nikaanza kuhesabu, nilipofika kumi na tisa sauti ikakatika.

Sasa rudi nyumbani. Nikiwa mwanagenzi nilikuwa nakimbia na faili tatu za mahakama tatu tofauti asubuhi moja, mshahara hamna (ulipwe nini na wewe unafunzwa kazi?), na siku niliyokosea tarehe ya kesi kutajwa bosi alinifokea koridoni mbele ya wateja mpaka nikaenda kujificha kwenye ngazi nilie. Wakili mmoja mkubwa akanipita pale, akasimama, nikadhani ataniuliza nina nini. "Wakili, jikaze, hakimu ameingia." Basi, akaenda zake.

Na simlaumu sana, sheria yenyewe ilikuwa hivyo. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba hicho kifungo kinakwenda kinyume na katiba. Uingereza walifuta kosa kama hilo 1961! Sasa niambie, wakili anayekijua hicho kifungo kwa kichwa angemwambia nani kwamba maisha yamemshinda?

Lakini pia sitaki kuwapamba wa huku. Nikiwa Kenya karani wetu, mzee wa watu, alikuwa akiniangalia usoni tu anajua, "wewe hukulala jana," na faili ambayo si ya haraka anaichelewesha kuniletea kusudi. Huku nilipungua mpaka suruali zikawa zinaanguka na hakuna aliyesema neno, maana wataonekana wanaingilia. Namba ya simu ni nzuri, lakini wewe mwenyewe ndio unatakiwa ujue kwamba unaumwa.

Na Marekani nako si salama. Utafiti wa 2016 wa mawakili karibu 13,000 ulikuta mmoja kati ya watano anakunywa pombe kiasi cha kutia wasiwasi, na asilimia 28 wana dalili za sonona, vijana wa miaka kumi ya kwanza kazini ndio wako hali mbaya zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema stresi ni ya wavivu watuambie, hao wote ni wavivu?

Kuna mwenzangu wa kitambo Kenya ambaye ameamua kulivalia njuga hili suala la afya ya akili ya mawakili, na namuunga mkono, ila tunabishana. Yeye anataka kuanza na mazoezi ya kupumua na yoga ya Jumamosi. Mimi namwambia anza na mabosi. Huku tangu 2023 kanuni zinasema wazi wakili akionea wenzake kazini anaweza kuitwa na chombo kinachosimamia mawakili ajieleze, na hiyo inamtuliza bosi kuliko yoga yoyote. Baada ya hapo tafuta laini ya simu, mawakili wastaafu wa kuipokea hawakosi.

Jana amenitumia ujumbe mreefu kuhusu mipango yake, saa saba usiku saa za huko. Nimemjibu neno moja tu: lala.