Si Kila Msiba Una Mkono wa Mtu

Mwishoni mwa Mei 2024, mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu, aliporwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera, na katikati ya Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umenyofolewa baadhi ya viungo. Polisi walipotangaza kukamatwa kwa watuhumiwa tisa, nchi ilishtuka kwa mara ya pili, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo baba wa mtoto huyo na mtumishi wa madhabahuni. Nani ana hatia na nani hana ni jambo la mahakama, nami sitaligusa. Ninachoandikia ni swali aliloniuliza mama mmoja wa jumuiya yetu baada ya ibada ya Jumapili, habari hizo zikiwa bado mbichi: "Mwalimu, hivi inawezekanaje mtu wa Mungu akatajwa katika mambo ya uchawi?" Mimi ni katekista, na siku ile nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa watu walikuwa wengi. Jibu langu refu ni hili.

Tumejizoesha kusema kwamba uchawi ni mambo ya watu wasiomjua Mungu, na kwamba pale injili au Kurani inapoingia, ramli na hirizi hutoka. Hali halisi haiko hivyo. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wake katika nchi 19 za Afrika, na hapa Tanzania asilimia 93 ya waliohojiwa walisema wanaamini kuwa uchawi upo. Hao si watu wa pembeni waliojificha porini. Ndio wanaojaza makanisa na misikiti yetu, ndio wanaosoma somo la kwanza na kuadhini, na ndio wanaoketi bungeni, hospitalini na katika vyumba vya walimu. Mtu aliyeibiwa pikipiki huomba asomewe halbadiri, kisomo cha kuapiza, ili mwizi adhurike. Mgonjwa hunywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, asubuhi na jioni akapakwa mafuta ya upako. Timu za mpira wa miguu zimepigwa faini mara kadhaa kwa kukwepa geti rasmi au chumba cha kubadilishia nguo kwa hofu ya kurogwa. Dini na imani ya uchawi zinakaa ndani ya kifua kimoja, na mara nyingi zinasaidiana.

Niseme wazi kwamba mimi ni muumini na sioni aibu. Sikubaliani na wale wanaodai kwamba tutapona tukiacha kuamini chochote kisichoonekana. Wala sitaki kuanzisha mjadala wa kama uchawi upo au haupo, maana vitabu vyetu vyenyewe vinautaja. Sheria ya Musa katika Kutoka 22 inaamuru mchawi asiachwe hai, na aya ya 102 ya Sura ya Baqara inawataja waliojifunza sihiri, kisha inasema kwamba hawawezi kumdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata. Kati ya kusema "uchawi upo" na kusema "mama fulani ndiye mchawi" kuna umbali mkubwa sana, na sisi waumini tumeuvuka kwa wepesi unaotisha.

Nimesimamia mazishi mengi, na nimeyasikia maneno yale yale yakinong'onwa karibu na jeneza: kifo hiki si cha bure, kuna mkono wa mtu. Aliyekufa anaweza kuwa mama mjamzito aliyetoka damu njiani akipelekwa kituo cha afya kwa baiskeli, au mtoto aliyekuwa na homa kwa siku tano akipewa mizizi, au kijana aliyepinduka na bodaboda usiku bila taa. Hakuna anayeuliza kwa nini gari la wagonjwa halikuwapo, wala kwa nini dawa ya malaria ilichelewa. Swali ni moja tu: nani? Likishaulizwa hivyo, linahitaji jina, na jina hutolewa na mpiga ramli, ambaye naye hujua kusikiliza kabla ya kusema. Huwa hamtaji mtu wa mbali. Hutaja yule ambaye familia ilikuwa tayari imemkasirikia au kumchoka.

Ndivyo vikongwe wa Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu na Tabora walivyouawa kwa mapanga miaka nenda rudi. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba macho mekundu ni dalili ya mchawi, na hatukuambiwa kwamba mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na samadi iliyokauka, lazima macho yake yawe mekundu. Katika ukoo wetu alikuwapo shangazi mjane, asiye na mtoto wa kiume, aliyekuwa na shamba zuri la mpunga lililopakana na bonde. Alipotajwa kuwa amemroga mtoto wa jirani, alihama usiku kwenda mjini kwa binti yake, na hakurudi tena hadi alipokufa. Mavuno yaliyofuata, shamba lile lilikuwa tayari linalimwa na wengine. Sidhani kama wote waliomtuhumu walikuwa waongo. Baadhi yao waliamini kwa moyo wao wote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu mwenye tamaa ya shamba hawezi kumfukuza mjane peke yake, ila akishapata kundi la watu wenye hofu ya kweli, wao humfanyia kazi hiyo bila kulipwa.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wanaoandamwa zaidi ni wazee wanaume wenye mvi, na ardhi ya ukoo hutajwa karibu kila mara kesi hizo zinapochunguzwa. Wazee walionusurika wamelazimika kuacha maboma yao na kuhifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma, Ganze. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee walichomwa moto na kundi la wanakijiji huko Marani, Kisii. Hizi si jamii ambazo hazijafikiwa na dini. Kengele za kanisa zinasikika katika vijiji hivyo.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye habari za kila siku, kwa sababu nazo zina sehemu yake. Habari ya mauaji ya aina hii huandikwa kwa aya nne au tano: kikongwe ameuawa, kamanda wa polisi wa mkoa amethibitisha, chanzo ni imani za kishirikina, wananchi wameaswa kuacha kujichukulia sheria mkononi. Baada ya hapo mwandishi anaondoka. Msomaji anabaki akidhani ameelezwa sababu, kumbe ameelezwa kwamba watu fulani ni wajinga na hapo uchunguzi umekoma. Ni nani aliyelipia ramli? Kiasi gani? Marehemu aliacha mali gani, na leo iko mikononi mwa nani? Mwaka 2007 hadi 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yalihusishwa na tamaa ya utajiri wa haraka migodini na ziwani, na baadaye na misimu ya uchaguzi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku tena wapiga ramli. Katika miaka yote hiyo tumesoma sana juu ya walioshika panga, na mara chache mno juu ya waliotoa fedha. Mnunuzi wa kiungo cha binadamu si maskini wa kijijini, maana maskini hana fedha hizo. Nasubiri siku habari itakayomfuata huyo hadi mlangoni kwake.

Sasa nirudi kwenye imani yangu, maana ndiyo niliyoulizwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu walimwendea Yesu na habari ya siku hiyo: Pilato amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka. Yeye akawaongezea habari nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, kisha akawauliza kama wanadhani marehemu hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, na akawageuzia neno wale waliokuja na habari, watubu wao. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wake walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akakataa majibu yote mawili, akatema mate chini, akafanya tope, akamponya. Nimezifundisha sehemu hizi kwa wakatekumeni wengi, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba Yesu alikuwa akikataa kazi ya mpiga ramli. Aliletewa msiba akatakiwa atoe jina, hakulitoa.

Rafiki yangu mmoja ustadhi, ambaye tumeongea naye sana mambo haya, alinikumbusha kisa ambacho kila mwanafunzi wa madrasa hukutana nacho. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto huyo. Ingekuwa rahisi kwa baba mwenye uchungu kunyamaza na kuacha maneno hayo yaenee, kwa kuwa yalimpa heshima kubwa. Badala yake aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Mtu aliyetoka kuzika mwanawe alikuwa na utulivu wa kusahihisha umma wake juu ya namna ya kusoma tukio. Ninapokisikia kisa hicho naona aibu kwa wahubiri wa leo, wa dini zote mbili, wasioweza kupitisha ajali ya basi bila kuieleza kuwa ni kafara.

Maana ukweli unaouma ni kwamba ramli imehamia madhabahuni. Fungua redio usiku katika mji wowote mkubwa hapa nchini utamsikia anayejiita nabii akimwambia mpigaji simu kwamba ndoa yake imefungwa na mama mkwe, au kwamba kuna mwanamke mweusi, mnene, wa ukoo wa baba, anayekula nyota yake. Anayesema hayo anadai kupambana na uchawi, lakini anafanya kile kile afanyacho mganga aliyemtaja shangazi yangu, akiwa na kipaza sauti na hadhira kubwa mara elfu. Tumeona matokeo yake kwa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, nchini Kongo, ambako mwaka 2021 wanawake waliuawa, baadhi kwa kuchomwa moto, baada ya kutajwa kuwa wachawi na mabinti wanaojiita watabiri, wanaojulikana huko kama bajakazi, wanaopokea watu katika vyumba vya maombi. Hao hawakupiga bao wala hawakutazama matumbo ya kuku. Walisali, kisha wakataja majina.

Kwa hiyo, mama yangu wa jumuiya, mtu wa Mungu anaweza kutajwa katika mambo ya uchawi kwa sababu tumemruhusu kwa muda mrefu kufanya nusu ya kazi hiyo na tukaiita huduma. Anayeamini kwamba mafanikio yake yameshikwa na mkono wa mtu fulani, anaweza pia kuamini kwamba yatafunguliwa kwa mwili wa mtu fulani. Mawazo hayo mawili yana mama mmoja. Sisemi kwamba kila anayeomba kukombolewa na nguvu za giza ni muuaji mtarajiwa. Nami huwaombea watu wenye hofu, na nimewaona wakitulia. Ila ninapowaombea sikubali kutaja jirani, na mtu akilitaja jina la jirani mbele yangu, namkatiza. Wapo waliokasirika na kuhamia kwa nabii anayetaja.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa Waingereza na ambayo leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu, ina mengi ya kulaumiwa, lakini inasema jambo moja lenye faida: kumtaja mtu kuwa ni mchawi, nje ya kumpeleka kwa wenye mamlaka, ni kosa la jinai. Hata hivyo, mwenyekiti wa kitongoji huambiwa kwamba bibi fulani ametajwa na lambalamba, wale wasaka wachawi, naye husema atalishughulikia kimila. Paroko au shehe husikia kitubioni au barazani, naye huchukulia ni ugomvi wa kifamilia. Polisi hufika kukiwa tayari kuna maiti. Ninaomba viongozi wa dini tuanze na hapa, kwa kuwa sisi ndio tunaosikia mapema kuliko wote: siku jina linapotajwa msibani au katika ibada, twende siku hiyo hiyo nyumbani kwa aliyetajwa, tukae naye mchana watu wote wakituona, na tumpeleke kituoni akatoe taarifa dhidi ya aliyemtaja, hata kama aliyemtaja ni mhubiri mwenzetu.