Nilivyomzushia marehemu babu watoto saba Mombasa

Niseme mapema kabisa kwamba mwenye kosa ni mimi, maana kuna ndugu zangu wakiiona hii wataanza upya.

Ilikuwa Idd ya mwaka juzi, niko Tanga kwa bibi, Ngamiani, nimekula pilau mpaka macho hayafunguki, mara nikapata wazo. Wazo la mtu aliyeshiba ni la kuogopa sana ila ukiwa umeshiba hujui hilo. Bibi ana kopo lake kubwa la bati lililokuwa la maziwa ya unga, mfuniko umeshika kutu unafungulia na mkia wa kijiko, humo ndo anaweka barua za marehemu babu pamoja na vipande vya karafuu maiti ili wadudu wasile. Ukifungua tu unanuka msiba. Nikamwambia bibi nataka nizipige picha zote kwa simu zisije zikapotea, akaniambia "Soma tu mume wangu, hazina siri hizo, siri zake babu yako kaondoka nazo." Halafu akajinyoosha kwenye mkeka uani, dakika mbili nyingi anakoroma.

Sasa kwa wasiojua, zile barua ni za miaka ile mpaka wetu na Kenya umefungwa, ulifungwa Februari 1977 ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Bibi na babu walikuwa wanakaa Moa, kijiji cha pwani kule juu karibu na mpaka, na babu alikuwa na mashua anavuka nayo Mombasa anakaa huko wiki mbili tatu. Sisi tulikuzwa tukijua babu alikuwa mvuvi, ingawa ukiuliza ukoo mzima hakuna anayekumbuka kumuona na samaki.

Nikapiga picha barua kama kumi hivi, za kawaida, nani kaumwa, nani kaoa, mbuzi kauzwa. Ya kumi na moja ndo ikaniponza. Mei 1983, karatasi ya daftari yenye mistari, wino wa bluu umesambaa kwa maji ya bahari na pembeni kuna ukoko mweupe wa chumvi, ukipitisha kidole unakwaruza. Ameanza kama walivyokuwa wanaanza wazee, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, salamu peke yake robo tatu ya ukurasa. Halafu bila hata kusafisha koo anaandika hivi:

"Nakuarifu kuwa watoto wetu wa huku wako saba, wote weupe, wanene, na wananukia vizuri. Nitawaleta usiku. Watayarishie mahali chini ya kitanda wasionekane na mtu, hasa balozi wa nyumba kumi. Mama mnene naye yumo."

Nikarudia kusoma. Miguu ikaingia ganzi. Mtu mwenye akili zake hapo angemuamsha bibi amuulize, si yuko hatua nne tu anakoroma? Mimi nikafungua grupu la WhatsApp la familia, watu 63, nikabonyeza maiki nikaisoma barua kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na mwishoni nikaongeza maneno yangu mwenyewe ambayo hakuna aliyeniomba: "Ndugu zangu, tuna baba zetu na mashangazi zetu saba Mombasa, tusiwatupe."

Jamani.

Baba mdogo aliyeko Maskati, ambaye hata ukimtakia Idd njema anajibu baada ya siku tatu, alijibu ndani ya dakika: "Wa kiume wangapi?" Maana kuna ile nyumba ya Ngamiani tunaizungumzia kila mwaka haigawiki, sasa waongezwe saba, mwanaume mafungu mawili mwanamke moja, mzee wa watu akaanza kupiga hesabu na kutuma picha ya kalkuleta. Baba mkubwa akasema aitwe shehe. Shangazi akatuma sauti analia, nilidhani analilia heshima ya baba yake, kumbe kilichomuuma ni lile neno weupe, "ndo maana mimi alikuwa ananiita mkaa wangu, kumbe ana wenzangu weupe kawaficha!" Na mwingine ambaye kazi yake ni kujua watu akaandika kwamba ana rafiki yake Kisauni, ampe majina awatafute.

Majina sina. Nikageuza karatasi nitafute majina. Hapo ndo ningeiacha simu chini ningekuwa mtu na heshima zangu mpaka leo, ila nilikuwa nimeshanogewa, nikabonyeza tena maiki nikasoma nyuma ya karatasi moja kwa moja bila kuipitia kwanza:

"Wale mapacha walioungana usiwatenganishe mpaka ufunge mlango. Chukua mkasi uwakate katikati, kisha washone kingo wasichanike. Mtoto mmoja amevunjika njiani, mkate vipande vinne umgawie jirani kidogo. Waliobaki wazike mchangani nyuma ya choo mpaka msako upite."

Nilipofika "mkate vipande vinne" sauti ilikuwa imeshapungua yenyewe kama redio inayoisha betri. Nikaachia kidole, ikaenda.

Kimya. Kimya cha watu 63 mtandaoni ni kitu kizito sana. Baadaye simu ikaandika binamu fulani ameondoka kwenye grupu, yule anayefanya kazi serikalini. Kisha mtu akauliza kwa upole kabisa, ile nyumba ya Moa choo bado kipo?

Baba mkubwa akanipigia, "We mtoto futa." Nikafuta, ila nilikuwa nimechelewa, mtu alishaipeleka grupu la kamati ya harusi na huko kuna majirani zetu, kwahiyo haikuisha nusu saa mama wa nyumba ya pili akaingia uani kajifunika kanga mpaka puani, akapiga goti kwenye mkeka, "Mama pole, hili lililokufika ni zito, ila marehemu hasemwi vibaya."

Bibi akashtuka usingizini. "Kafa nani?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza nikiangalia vidole vya miguu yangu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema nisome tena pale pa mapacha, nikasoma, halafu akaanza kucheka kile kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanaruka, mpaka jirani akadhani analia akaanza kumpepea.

"Sabuni, we mwana wa mwanangu! Sabuni hizo!"

Ikaja sababu yenyewe. Miaka ile madukani hakuna kitu, sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai, foleni ya sukari unapanga jiwe lako alfajiri unaenda shamba unarudi unalikuta jiwe limesogea hatua mbili. Na mwaka huo wa 1983 ndo waziri mkuu Sokoine kaanzisha msako wa wahujumu uchumi, ukikutwa na katoni ya sabuni huna maelezo unaenda ndani, watu walikuwa wanamwaga mali baharini na kuzika mashimoni kwa woga. Sasa babu barua anampa nahodha mwingine aje nayo, ikikamatwa isomeke ni mtu anaulizia wanawe. Watoto weupe ni miche ya sabuni. Aliyevunjika ni mche uliokatika, wa kugawa vipande kama kawaida. Mama mnene ni kopo la Kimbo, yale mafuta ya kupikia ya Kenya. Na mapacha walioungana, hapo bibi akanyanyuka mwenyewe, akaenda ndani akarudi na kipande cha kanga, imechuja, laini kama ngozi ya kitunguu, upindo umeshonwa kwa mkono na uzi usiofanana. Doti, mzee, ya dukani inakuja vipande viwili vimeungana, unakata katikati unapinda. Jina lake bado linasomeka ukiisogeza juani: Hasidi hana sababu.

"Miche mitatu ililowa huko nyuma ya choo," akasema, na miaka arobaini baadaye bado inamuuma.

Nikamwambia bibi nakuomba usaidie kuniokoa, rudia hayo maneno nikurekodi niyatume kwenye grupu. Nikashika maiki, nikaifunga na kale ka kufuli ili nisichoke kidole, bibi akaeleza yote tena vizuri sana, akaongeza na sheria yao: "Babu yenu bidhaa hakuipa jina hata siku moja. Ni mtoto, ni mapacha, ni mama mnene, basi. Ukiona kaandika jina ujue huyo ni mtu kweli." Halafu akaivuta ile barua akaipapasa, "Na hii nilimnunia nayo mwezi mzima. Hata wasalaam hakuniandikia, imeishia hewani tu."

Mimi na kiherehere changu nikaishika pale pembeni pagumu kwa chumvi, nikahisi karatasi nene. "Bibi, hii mbona kama ziko mbili?" Zilikuwa zimegandana tangu zilivyolowa kwenye mashua. Shangazi alikuwa ameshafika, macho mekundu, akaleta birika linachemka, tukaishikilia juu ya mvuke taratibu mpaka ikaachia.

Ilikuwepo wasalaam. "Wasalaam, mimi mumeo nikupendaye." Bibi akajifunika mdomo na ule upindo wa kanga. Sote tukalainika pale, hata jirani.

Chini yake kulikuwa na mistari miwili zaidi nami nikaisoma kwa mwendo uleule: "Nisisahau, anakusalimu sana," kisha jina la mwanamke, jina kamili na la baba yake, silitaji, "wa Likoni, ndiye ananifulia na kunipikia. Mtoto ameanza kutembea."

Birika likaendelea kuchemka.

"Bibi," nikasema, "huyu naye ni mafuta ya taa?"

Bibi hakunijibu. Akanyoosha mkono, "Niletee miwani yangu."

Nikageuka kuifuata miwani ndo nikaiona simu pale juu ya mkeka, ile kufuli bado imefungwa, dakika tisa na sekunde zinaenda. Nikaikurupukia niizime, kidole kikagonga pale pa kutuma.

Baba mdogo wa Maskati alikuwa wa kwanza kujibu: "Kumbe ni mmoja tu. Alhamdulillahi."