Mashairi ya Kezilahabi na sauti ya soprano

Desemba 2013, jijini Berlin, Barbara Hannigan, mwimbaji wa soprano, yaani sauti ya juu ya kike, aliimba kwa mara ya kwanza "let me tell you", mfululizo wa nyimbo saba ambao Hans Abrahamsen wa Denmark aliutungia soprano na okestra. Maneno yake, yaliyoandikwa na Paul Griffiths, ni yale tu ambayo Shakespeare alimpa Ophelia katika tamthilia ya Hamlet, yakapangwa upya ili binti huyo ajisemee mwenyewe. Mwaka 2016 kazi hiyo ikapata tuzo ya Grawemeyer ya utunzi wa muziki.

Sisi wa Mwanza tuna mshairi hapo ng'ambo ya maji: hayati Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944. Je, mashairi yake nayo yatungiwe muziki wa namna hiyo?

Anayekataa ana hoja nzito. Shairi la Kiswahili lina uimbaji wake: mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, na mahadhi ambayo mghani huyajua bila nota. Ukilirundikia fidla na tarumbeta, utalifunika. Halafu soprano akipanda juu sana, irabu zake hukaribiana hadi msikilizaji asizitofautishe. Panda, penda, pinda, ponda na punda zimetenganishwa na irabu moja tu. Huko juu zote zitasikika kama neno moja. Gharama ya okestra nzima kila mtu anaijua.

Lakini hoja ya mahadhi inahusu ushairi wa arudhi, yaani wa kanuni za kimapokeo za vina na mizani, na Kezilahabi aliiacha arudhi. Diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 iliwagombanisha wanamapokeo na wanausasa, na moja ya lawama ilikuwa kwamba mashairi huru hayaimbiki. Mimi naona hapo ndipo penye nafasi. Mistari isiyolingana haina mahadhi ya urithi ya kufunikwa, wala haimlazimishi mtunzi kurudia wimbo uleule ubeti kwa ubeti. Anaweza kukaa na neno moja atakavyo, kama Abrahamsen anavyoirudia silabi moja kwenye noti ileile hadi itetemeke.

Kiswahili chenyewe ni rafiki wa mwimbaji, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwenye irabu. Ila mkazo, ambao kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, uheshimiwe. Walimu wetu wa kwaya wanazijua nyimbo za kutafsiriwa ambamo noti ndefu imeangukia silabi ya mwisho na neno likapinda. Kosa hilo nisingelivumilia kwenye shairi la Kezilahabi.

Suala la kusikika ndilo linalonitia shaka kweli, na ndiyo maana nisingeanza na okestra. Waombwe ridhaa warithi wa mshairi, kisha zitungwe nyimbo tatu kwa piano na soprano kutoka kwaya zetu, anayesoma solfa vizuri. Wasikilizaji wapewe mashairi mkononi. Kila neno zito liimbwe kwanza kwenye sauti ya katikati, na likirudiwa ndipo lipandishwe juu.