Mashine ya viazi ianzie kwenye kuvuna

Ukizungumzia zana za kilimo huku Nyanda za Juu Kusini, watu wote wanawaza trekta la kulimia. Kwa sisi wa viazi mviringo, mimi naona hilo si la kwanza. Kazi ya kulima, mkulima wa Njombe au Mbeya ana namna ya kuimaliza: maksai wapo, na palipo tambarare trekta la kukodi linafika. Tabu iko kwenye kupandishia udongo na kuchimbua.

Heka moja inameza karibu kilo 800 za mbegu. Kila shina lazima lipandishiwe udongo, maana kiazi kikichungulia jua kinageuka kijani na kuingia sumu. Halafu mavuno. Mtu anainama tangu asubuhi, na jembe la bapa halijui kiazi kimelala wapi. Kilichokatwa hakikai, kinaoza na kuozesha vya jirani ndani ya gunia. Dalali anakitupa pembeni, na hasara ni ya mkulima peke yake.

Ipo mashine ndogo ya kuchimbua tuta moja moja, inayofungwa nyuma ya pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili. Inapita chini ya tuta, inainua viazi na udongo wake, udongo unapukutika, viazi vinabaki juu. Haiviokoti. Ndiyo maana siafikiani na wanaosema vibarua watakosa riziki: kuokota, kuchambua, kujaza magunia na kubeba bado ni kazi ya mikono. Kinachoondoka ni kule kuinama kutwa nzima, na wengi wanaoinama ni akina mama ambao nyumbani wanasubiriwa na kuni na maji. Siwezi kukubali mgongo wa mtu uendelee kuumia eti ili ajira isipotee.

Lakini si kila shamba. Kwenye miteremko ya Uporoto na Makete pawatila inaweza kupinduka, na dereva anayeogopa kulima kukinga mteremko atalima kushuka nao. Matuta ya namna hiyo ni mifereji tu. Mvua ya Machi ikipiga, udongo wa juu wote uko bondeni. Huko jembe libaki, ila kwa kuvunia liwe la meno, linalokata viazi vichache.

Pawatila zilizosambazwa enzi za mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, nyingi ziliishia kuvuta matela ya mizigo. Siwalaumu wenyewe. Mzigo unalipa mwaka mzima, shamba linalipa wiki chache. Kwa hesabu hiyohiyo, mwenye heka moja au mbili hawezi kununua mashine ya kuchimbua peke yake. Halmashauri zikitaka kusaidia, zinunue hiyo pamoja na plau la matuta la kupandishia udongo, zikabidhi kwa kikundi chenye fundi na uhakika wa vipuri, na bei ya kukodi iwe kwa heka, ilipwe viazi vikishauzwa.