Geuza simu nione watu: picha, video koli na suala la kufika

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Magomeni, kijana wa shangazi yangu, na kule makaburini binamu mmoja alikuwa ameinua simu juu kawasha video koli. Upande wa pili yupo baba mdogo aliyeko Muscat, na kwenye koli hiyohiyo yupo shangazi mwenyewe, mama wa marehemu, aliyebaki nyumbani na wanawake wenzie kama ilivyo kawaida yetu. Mzee mmoja akakasirika, akasema zima hiyo kitu, hapa watu wanazika hawapigi sinema. Binamu hakuzima, aliishusha tu kifuani. Jioni kwenye mkeka ubishi ukaanza na mpaka leo haujaisha kwenye grupu la familia, nusu wanasema mzee yuko sahihi, nusu wanasema yule binamu kafanya jambo la maana kuliko sisi wote. Mi nimelifikiria siku nyingi na naona pande zote zina hoja, ila uzito wake haulingani.

Nianze na mzee maana wengi wanamchukulia kama mtu aliyepitwa na wakati tu, na hapo wanamuonea. Kamera inabadilisha watu. Kuna wakati baba mdogo alisema "geuza simu nione watu", simu ikageuzwa, na niliona kwa macho yangu watu walivyobadilika, mmoja kaweka kofia sawa, mwingine aliyekuwa analia kajifuta uso haraka na kugeukia pembeni. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kuonekana Muscat saa ile. Na ukishaingia kwenye simu ya mtu hujui unaishia wapi, sote tunajua picha za ajali zinavyozunguka kwenye magrupu, mpaka mama anaiona maiti ya mwanae kwenye simu kabla hajapigiwa na mtu kumwambia taratibu. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 lakini makaburini anayeamua ni mwenye simu na kidole chake.

Kuna hoja nyingine ya mzee ambayo hakuisema ila naisema mimi: picha peke yake haisemi kitu kimoja. Sisi tunajua hili siku nyingi. Uchaguzi wa mwaka 1965, chama kikiwa kimoja, kwenye majimbo mengi walisimama wagombea wawili wa TANU na kila mmoja akapewa alama, huyu jembe yule nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura. Ni wazo zuri kabisa, liliwapa kura watu ambao karatasi ya majina matupu ingewaacha nje. Lakini wagombea wengi walilitaka jembe, sababu kwa mkulima jembe ni kazi na ni chakula, kwahiyo alama iliyowekwa kumtambulisha mtu ikawa na maneno yake yenyewe. Angalia na kanga: maua, rangi, pindo vyote vinapendeza, ila kanga isiyo na jina utamwambia nini jirani yako? Yale maneno machache pale chini ndio yanayoibana picha iseme unachotaka iseme. 

Emoji ndio hivyohivyo. Mjapani Shigetaka Kurita alitengeneza zile 176 za kampuni ya simu ya DoCoMo mwaka 1999, vialama vidogo vya mvua, moyo, treni, na leo zipo maelfu. Ile mikono iliyounganishwa kwao ni ishara ya kuomba au kushukuru, huku kwetu imekuwa dua, imekuwa pole, imekuwa nimeona meseji yako, imekuwa sina la kusema. Msiba ulipotangazwa kwenye grupu letu mikono ilishuka mfululizo hadi tangazo lenyewe likapotea juu, mtu akaja kuuliza amefariki nani.

Sasa wale wanaosema zamani ilikuwa bora, kwamba barua ilikuwa na ukweli na simu ni uongo mtupu, hapo siwafuati. Picha zilidanganya tangu studio. Kwenye albamu ya bibi kuna vijana waliokuja Dar kutafuta maisha wakapiga picha mbele ya pazia lililochorwa ndege, wameshika redio ambayo ni ya mwenye studio, koti la kuazima, nyuma wameandika kumbukumbu njema, ikatumwa kijijini na kijiji kizima kikaisoma ile picha: kanenepa, ana saa, mambo yake safi. Hakuna aliyeonyesha chumba walichokuwa wanalala watu wanne. Stetasi za WhatsApp za leo ni ndugu wa picha ile ile.

Na Kariakoo ni shule ya peke yake kwa hili. Wafanyabiashara wengi sahivi hawaendi China kila mara, wanapiga video koli na mtu wao Guangzhou, anazunguka dukani na simu, sogeza hapo, geuza mshono nione, na mzigo unalipiwa. Nauli na hoteli vimeokolewa, mama mwenye mtaji mdogo ambaye asingepanda ndege maisha yake yote naye anaagiza. Lakini kitambaa hakishikiki kwenye kioo, ndio maana mtu anaagiza gauni zito linakuja jepesi kama chandarua. Halafu kuna skrinshoti ya muamala, zamani ukimwonyesha muuzaji anakupa mzigo, watu wakaanza kuzitengeneza, sasa hivi ukimwonyesha anakwambia dada subiri meseji iingie kwangu. Kupotea kwa imani hiyo ni hasara kubwa kuliko hela iliyoibiwa.

Upande wa pili sasa, na hapa ndipo mizani yangu inapoinama. Mtaani kwetu kuna fundi cherehani ambaye ni kiziwi. Watu wanadhani mtu asiyesikia, ukimpa meseji za maandishi umemaliza, kumbe kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, Kiswahili cha kuandika ni lugha nyingine kabisa waliyojifunza juu yake, na wengine shule yenyewe hawakuipata vizuri. Tangu simu yenye video imeingia mikononi mwake ameanza kupiga simu, namaanisha kupiga simu kama wewe na mimi, anaiegemeza kwenye kopo la nyuzi ili mikono yote miwili iwe huru, anaongea na dada yake Tanga anacheka mpaka wateja wanasubiri. Kwake video sio kitu cha pili baada ya sauti, ndio sauti yenyewe. Mwaka 1964 Wamarekani walionyesha simu ya picha kwenye maonyesho ya New York, dakika tatu kutoka New York mpaka Washington ilianzia dola 16, na haikupata soko, bei ilitisha na wengi hawakuona haja ya kuonekana wakiongea. Wenye haja kubwa kuliko wote walikuwepo, ila bei ile ilikuwa juu mno kwao.

Na huyohuyo fundi tunamfungia mlango kila siku bila kujua. Grupu la mtaa limejaa voisi, dakika nne dakika sita, maji yanakatika lini, mkutano saa ngapi, yeye anaona vijistari tu. Asiyeona naye anateseka kwa namna yake, simu yake inamsomea maandishi kwa sauti, lakini tunamtumia mwaliko wa harusi kama picha, tarehe na ukumbi vimo ndani ya maua ya dhahabu, simu inafika pale inamwambia tu kuna picha. Mtu mmoja akiandika mistari miwili chini yake shida imeisha. Kwahiyo mtu akiniuliza picha ni nzuri au mbaya namuuliza kwanza nani yupo upande wa pili.

Suala la kuchoka nalo ni la kweli, msemo wa kuchoshwa na Zoom, ile programu ya mikutano ya video, ulishika wakati wa Corona na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2021 alieleza sababu zake: macho ya watu yamekusogelea mno, unajiona mwenyewe muda wote, umekaa pale pale, na akili inafanya kazi ya ziada kutafuta ishara ambazo ana kwa ana zinakuja zenyewe. Lakini mtu anachoka kwa koli zake za kazini, shangazi alipiga moja ya kuzikiwa mwanae.

Kipimo changu basi ni kufika. Baba mdogo asingeweza kufika, maiti yetu haisubiri siku tatu mtu apate ndege. Shangazi asingefika kwa desturi. Kwa hawa wawili simu haikuchukua nafasi ya kitu chochote, ilijaza mahali palipokuwa patupu. Lakini tunaye ndugu Kimara, na mwendokasi kutoka Kimara unapita Magomeni moja kwa moja, huyu alituma mikono na skrinshoti ya rambirambi na hatukumuona mpaka matanga yanaisha. Huyo nina lawama naye na nimemwambia. Nitakuwa muongo nikisema wote wa namna hiyo ni wavivu, wapo wanaolipwa kwa siku, akija msibani nyumbani kwake hawali, na wapo wanaotoka kazini Mbagala saa mbili usiku na foleni bado ipo. Mikono ya hao naipokea kwa moyo wote. Sema emoji ni ileile kwa mwenye sababu na asiye nayo, ndio ubaya wake, lazima uwe unamjua mtu ndio uisome.

Kuhusu simu makaburini, kwa maoni yangu ingetangazwa kabla kwamba kuna ndugu wanafuatilia, asiyetaka asogee upande wa pili, na kurekodi hapana.

Katika ubishi wote huu hakuna aliyemuuliza shangazi. Nilienda Jumamosi nikamuuliza. Akasema simu iliposhushwa kifuani hakuona kaburi wala watu, aliona kanzu ya mtu aliyesimama mbele ya binamu basi, ila alisikia udongo ukianguka, akasikia na watu wanaitikia dua, na yeye akaitikia kule chumbani na wanawake wote wakaitikia naye. Arobaini ni wiki ijayo, baba mdogo ameshauliza nani atashika simu.