Tupime mzigo kabla haujaingia barabara kuu

Machungwa ya Muheza huhesabiwa mara nyingi kabla hayajafika njia panda ya Segera. Mkulima anahesabu, dalali anahesabu, vibarua wanahesabu matenga kwa sababu ndiyo malipo yao, na mtu wa ushuru anachungulia nyuma ya gari na kuandika kitu kwenye stakabadhi. Katika wote hao hakuna anayejua mzigo una kilo ngapi. Wa kwanza kujua ni karani wa mizani, na gari likishafika kwake, dereva hana nafasi ya kurekebisha chochote bila kuumia.

Sipingi mizani za barabarani. Ninachopinga ni kwamba kwa wenye magari wengi wa hapa Tanga, hizo ndizo mizani za kwanza na za mwisho mzigo wao kukutana nazo.

Wa saruji hawana tabu hiyo. Mfuko ni kilo 50, mifuko 20 ni tani, na viwanda vikubwa vina mizani yao getini. Sasa mfikirie anayebeba mchanga. Kwake kipimo ni tripu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina tani moja na nusu na ushee. Ukilowa sawasawa hukaribia tani mbili. Kapakia jioni mchanga mkavu, usiku vuli ikamwagika, asubuhi anaondoka na gari lilelile, mchanga uleule, na uzito mwingine kabisa. Mbao mbichi nazo ni hivyo hivyo. Utingo ukimuuliza wamejuaje kama mzigo umetosha, atakujibu bila kupepesa macho: "Si unaona spring zilivyokaa, bosi?"

Spring hazisomi sheria. Tangu Machi 2019 tunatumia sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016. Gari la kuanzia tani 3.5 linapaswa kupima. Ekseli ya mbele, yaani mhimili unaoshika tairi za mbele, inaruhusiwa tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, tatu tani 24. Uzito wa jumla mwisho wake ni tani 56, na namba hii ndiyo inayopotosha watu vijiweni. Semi-trela ya ekseli sita, ukijumlisha 8, 18 na 24, inaishia tani 50. Hizo 56 ni za mwenye ekseli za kutosha. Tena ni pamoja na gari lenyewe, tela lake, na dizeli. Lita 600 za dizeli peke yake ni karibu nusu tani.

Lakini kinachouma zaidi ni ekseli kuliko jumla. Chukua Fuso ya ekseli mbili, ambayo mwisho wake ni tani 18. Imepakiwa ikafika tani 17, mwenyewe anatabasamu. Inapanda mizani: mbele tani 6, nyuma tani 11. Imezidisha! Kilo za kupunguza hazipo, za kusogeza zipo. Kusogeza matenga kule shambani, vibarua wakiwa bado wapo, ni kazi ya muda mfupi. Kuyasogeza kando ya lami, juani, na vibarua wanaojua fika kwamba una haraka, ni bei nyingine, na machungwa ya chini yanapondeka.

Wapo wanaosema tani moja ya ziada ni kitu gani kwa lami. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukikua mara 1.2, uharibifu hukua 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2. Maana yake ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, hujaongeza uharibifu kwa asilimia ishirini. Umeuzidisha mara mbili. Ndiyo maana sikujiunga na waliomlaani Magufuli mwaka 2013, alipokuwa Waziri wa Ujenzi na kufuta nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia 5 bila adhabu, wasafirishaji wakagoma hadi Waziri Mkuu Pinda akaingilia kati. Hesabu zilikuwa upande wa Magufuli. Ila huwezi kumnyima mtu nafuu ya asilimia 5 huku hujampa mahali pa kujua kama amezidisha asilimia mbili au kumi na mbili.

Bandarini jambo hili lilishamalizika. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kwa kanuni za kimataifa, kontena lenye mzigo haliruhusiwi kupakiwa melini bila uzito uliothibitishwa, na mwenye jukumu la kuuthibitisha ni anayetuma mzigo. Anaweza kulipima kontena zima, au kupima vilivyomo na kujumlisha na uzito wa kontena tupu. Nahodha hasubiri kufika katikati ya bahari ndipo agundue. Kwa nini dereva asubiri kufika mizani?

Ninachotaka ni mizani ya kulipia Muheza, na nyingine huku mjini kwa wa kokoto na mchanga, wazi kwa yeyote mwenye gari. Halmashauri tayari inasimamisha magari kudai ushuru wa mazao; papo hapo pajengwe sakafu ya zege iliyonyooka, kwa kuwa gari likiinama uzito huhamia ekseli nyingine na namba zinadanganya. Ada iwe ndogo. Mtu akipima akakuta nafasi akaongeza tenga, aongeze, ni haki yake.

Najua swali litakalokuja: mizani ya halmashauri ikisema tani 9.8 na ya barabarani ikasema 10.3, tumwamini nani? Ya barabarani ndiyo iamue, karatasi ya halmashauri isiwe kinga. Lakini tofauti kama hiyo ikijirudia kwa magari mengi, Wakala wa Vipimo waitwe wahakiki mizani zote mbili, na majibu yabandikwe ukutani pale pale dereva anapolipia.